Salamu za Mama Karai

Elinah Ajambo alikuwa na benchi moja na karai moja, na kwa vitu hivyo viwili alijulikana Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Benchi liliwatosha watu watano. Yeye alikaa mwisho wa kulia, karibu na mlango wake, na mwisho wa kushoto, palipokuwa na kivuli cha paa la stoo mpaka saa sita, palikuwa pa Hadijah. Hakuna aliyewahi kumgawia mahali hapo. Palikuwa pake tu, miaka ishirini na miwili.

Kazi ya Elinah ilikuwa mkono. Magunia yalitoka Majanji, ziwani, yamejaa vile visamaki vidogo ambavyo upande wa Uganda tunaviita mukene na ukishavuka mpaka vinaitwa omena. Wanunuzi walikuja kutoka Kenya, na kila mnunuzi alikuwa na hofu ile ile: mchanga. Samaki akianikwa chini ufukweni hubeba mchanga, na mchanga una uzito, na wako wauzaji ambao hawachukii uzito huo. Basi wanawake waliliburuta gunia mpaka kwa Elinah. Yeye alizamisha mkono hadi kwapani, akachota konzi moja kutoka chini kabisa, si juu ambapo kila mtu huweka samaki wazuri. Akaibana karibu na sikio asikie kama imekauka. Kisha akaitia kwenye karai la maji, akazungusha polepole, akangoja. Maji yakitulia alipitisha kidole chini ya karai na kuwaonyesha watu ncha ya kidole hicho. Hakusema neno. Kidole ndicho kilichosema.

Kwa kila gunia alipewa kikopo kimoja cha samaki, hicho ndicho kilichokuwa chake. Watu wakamwita Mama Karai.

Lakini ukimuuliza yeye, angekwambia kazi hiyo ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilikuwa benchi. Wanawake walipomaliza kununua walikaa kungoja baiskeli za kuvusha mizigo, na kungoja huko kuliweza kuchukua asubuhi nzima. Walimenya karanga, walisukana, walilia misiba, walichekana. Mume wake, Okia, Mungu amlaze pema, alipokufa, ni benchi lile lililomzika. Hadijah, mnunuzi Mwislamu wa mjini upande wa Kenya, mama wa kijana aitwaye Zubairi, alikaa naye siku saba. Hakumhubiria wala hakumwambia anyamaze. Alikaa tu mahali pake pa kushoto akichagua mawe katika maharage ya matanga.

Sasa ni simu.

Haikuwa siku moja. Kwanza mnunuzi mmoja aliacha kuja, akawa anatuma salamu kwa mwendesha baiskeli. Kisha wawili. Kisha yule kijana Mangeni, ambaye zamani alikuwa mbeba magunia, akafungua grupu la wasap. Muuzaji wa Majanji anapiga picha ya gunia, anaiweka pale pamoja na bei. Mnunuzi wa Kenya anaandika, "Nachukua matano." Baiskeli inapita mbele ya benchi bila kusimama. Ndani ya mwaka mmoja benchi likawa la kuku.

Hadijah ndiye aliyechelewa kuondoka. Alikuwa mtu wa kuja kila Alhamisi, na Alhamisi zake ziliendelea, kisha zikawa moja moja, kisha mwezi wa Pasaka zikaisha. Hawakukosana. Hakuaga. Elinah alipanguza upande wa kushoto kila asubuhi kwa kanga yake kuukuu, akisema moyoni, leo huenda.

Binti yake Apio, aliyeolewa Tororo, ndiye aliyemletea simu ya kioo. Siku hiyo walikaa pamoja, mama akifundishwa kufungua picha kwa vidole viwili, kama mtu anayetanua mdomo wa mfuko.

"Mama, usibonyeze kama unaua chawa. Gusa tu."

"Nagusa, haisikii."

"Inasikia. Wewe ndiye husikii." Apio akacheka. "Haya, nimekuweka kwenye grupu la Mangeni. Wanunuzi wako wote wako humo. Mama Zubairi pia."

"Hadijah iko humu ndani?" Elinah akaikazia simu macho kama anayechungulia dirishani.

"Yuko. Kama huwezi kuandika, shika hapa uongee. Watakusikia."

Hapo ndipo lilipoanzia jambo lenyewe.

Elinah alizaliwa kijijini Kwapa, kwa mama ambaye hakumjibu mtu aliyeanza na shida zake kabla ya salamu. Ukiingia ukisema, "Mama, ng'ombe amekata kamba," alikutazama mpaka urudi mlangoni uanze upya, umwulize ameamkaje, na baba ameamkaje, na waliolala wamelalaje, ndipo ng'ombe afuatwe, hata kama wakati huo yuko katikati ya mtama wa jirani. Elinah hakujua namna nyingine ya kuingia mahali penye watu. Na grupu lilikuwa na watu mia mbili.

Basi kila asubuhi, baada ya kusali, alishika kile kialama cha kipaza sauti akaongea. "Bwana asifiwe, watu wa grupu. Mumeamkaje? Mangeni, mama yako macho yamekuwaje tangu wamemkata? Mama Zubairi, habari ya mjukuu? Na nyinyi sijui majina, Mungu anawajua..." Dakika nne, dakika tano. Alijisikia kama amerudi kwenye benchi.

Majibu yaliandikwa, na Elinah aliyasoma polepole, kidole juu ya kila neno.

"Redio imefunguliwa."

"Leo taarifa ya habari ni dakika tano, mahubiri yatafuata."

"Huyu mama bando anapewa na nani?"

Mangeni aliandika kwa heshima, nisimwonee: "Mama Karai, tunakupenda, lakini hapa ni picha na bei tu. Salamu mtumie mtu pembeni."

Elinah hakuelewa. Pembeni ni wapi? Na watu waliokaa pamoja, unawaruka vipi wote umsalimu mmoja?

Jumatatu moja muuzaji aitwaye Engole aliweka picha ya magunia ishirini. Samaki walimeta kama vijiko vipya. Watu wakaweka alama za moto na makofi. Elinah akatanua picha kwa vidole viwili, hakutazama samaki, akashuka mpaka chini ya gunia. Gunia la samaki mkavu husimama, limejaa hewa, ukilisukuma linayumba. Haya yalikuwa yamekaa. Yamekaa kama mama mzito aliyefika msibani akiwa amechoka, matako yametandaa chini. Akatazama nyuma ya magunia: ufukwe mtupu, bila chanja, bila turubai.

"Mchanga," akaiambia simu.

Na chini ya picha akaona jina la Hadijah. "Mimi kumi. Nitumie leo."

Elinah aliivuta simu karibu na mdomo. Alishika kialama, akaongea. Lakini hata nyumba ikiungua, unaingiaje kwa watu bila hodi? Akaanza kwa Bwana asifiwe. Akamwuliza Mangeni mama yake. Akamwuliza Hadijah mjukuu na mguu uliokuwa ukimuuma kwenye baridi. Akashukuru Mungu kwa mvua ya Lunyo. Akaomba radhi kwa Engole na watu wa nyumbani kwake, maana atakalosema si kwa ubaya. Kisha, pumzi ikiwa imekwisha, akasema: "Hiyo magunia iko na mchanga. Nyingi. Mama Zubairi, usichukue. Ni mimi Elinah nasema, na mkono yangu unaijua."

Akaweka simu chini. Alikuwa amesema mbele ya watu wote, pamoja na Engole mwenyewe, na hivyo ndivyo alivyofanya kazi yake siku zote. Hakuona haja ya kumpigia Hadijah. Ameshasikia, alifikiri. Sauti yangu anaijua.

Saa nane mchana simu ikaandika kwamba Mangeni amemwondoa.

Alidhani imeharibika. Akaizima, akaiwasha, akaifuta kwa kanga. Mwisho akampigia Apio.

"Mama, haijaharibika. Umetolewa."

"Nimetolewa wapi?"

"Kwenye grupu. Wamekutoa."

"Lakini mimi niko hapa nyumbani," Elinah akasema.

Siku zile zilikuwa ndefu. Aliweka maji kwenye karai asubuhi, jioni akayamwagia mchicha. Jumapili kanisani aliombewa pamoja na wote walioinua mikono, lakini hakujua aseme anaombewa nini. Ugonjwa hana. Njaa hana, watoto wanamtumia. Angemwambia nini mchungaji, kwamba ana hamu ya watu wa kungojea baiskeli?

Siku ya tisa simu ikalia. Hadijah.

"Mama Okware!" Alimwita kwa jina la kifungua mimba chake, kama zamani. Sauti ilikuwa ikikwaruza. "Mama Okware, nisamehe."

"Mama Zubairi, Bwana asifiwe. Mumeamkaje huko?"

"Usinisalimu, nitalia."

"Sasa nikuache bila salamu? Mjukuu?"

"Mzima, alhamdulillahi. Sikiliza. Yale magunia kumi nimefunga kwenye pakiti, nimetuma mpaka Nairobi. Mteja mmoja ameosha, amepiga picha sufuria. Mchanga kama wa kujengea nyumba! Ameiweka kila mahali, na jina langu, na sura yangu. Jana nimekaa, nikasema hebu nisikilize Mama Okware alikuwa anasema nini siku ile." Akavuta pua. "Ulisema. Dakika ya nne na nusu, ulisema."

"Nilisema, ndiyo."

"Kwa nini hukuanza na mchanga, dada yangu?"

"Nianze na mchanga vipi, Hadijah, na mimi sijakusalimia?"

Kisha Hadijah akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani cha kujipiga paja, na Elinah akacheka pia, machozi yakimshuka, kuku wakimtazama.

Kutoka hapo mambo yakageuka haraka. Hadijah alimsimamia Mangeni mpaka akamrudisha Elinah katika grupu. Engole akatolewa. Na likaja agizo jipya: hakuna gunia kuvuka mpaka kabla halijapita kwa Mama Karai, naye apige video fupi, mkono, karai, kidole. Mangeni akaongeza kwa herufi kubwa: "BILA SALAMU, MAMA. SEKUNDE THELATHINI."

Elinah aliikubali amri hiyo kama mtu anavyokubali dawa chungu. Waendesha baiskeli wakaanza tena kusimama. Mmoja alishika simu, yeye akazamisha mkono, akazungusha maji, akaonyesha kidole. Imetumwa. Gunia juu ya baiskeli, mtu huyo kaenda. Wanunuzi wakaongezeka, wa Kisumu, wa Eldoret, wengine hata hakujua wako wapi. Vikopo vya samaki vikajaa ndoo. Kazi ilikuwa nyingi kuliko miaka yote ya benchi, nyumba ilikuwa na kila kitu, na hakuna aliyekaa.

Hata sura yake hawakuijua. Siku moja, akinunua sabuni sokoni, mwanamke wa mbali alimshika kiganja, akatazama kovu la uji wa moto lililo juu ya kidole gumba. "Wewe ndiye mkono!" akapiga kelele kwa furaha. "Mkono wa video!" Akapiga picha ya mkono, akashukuru, akaenda zake. Elinah akabaki ameushika mkono wake kwa mkono wa pili, kama mzigo wa mtu mwingine alioombwa kuutunza.

Jumanne jioni alimrekodia Hadijah ujumbe, huko pembeni, mahali ambapo sasa alipajua. Alisalimu vizuri, bila haraka, kwa mpangilio wote. Na mwisho kabisa, pale alipokuwa ameweka mchanga siku ile, akaweka neno lake. "Alhamisi nitachemsha chai na tangawizi, nitapika kabalagala, zile za ndizi unapenda. Kuja ukae kidogo. Benchi bado iko."

Apio alikuwa amemfundisha: kile kipaza sauti kidogo kikigeuka buluu, mtu amefungua. Jumatano asubuhi hakikuwa buluu. Mchana hakikuwa buluu. Kati ya gunia na gunia alijifuta mkono, akatazama. Jioni, akigeuza mihogo jikoni, akaona kimegeuka. Lakini buluu husema amefungua tu. Kama amefika mwisho, simu haisemi.

Alhamisi aliamka mapema, akakanda ndizi na unga wa muhogo, akakaanga kabalagala mpaka sinia likajaa. Akapanguza benchi lote, si upande wa kushoto peke yake. Vikombe viwili. Saa tatu kivuli cha stoo kilikuwa kizuri. Saa nne kilianza kurudi nyuma. Alifanya magunia mawili, sekunde thelathini kila moja, macho yake yakienda kwenye njia ya mpakani kila mara baiskeli inapopiga kengele.

Saa nne na nusu simu ikaita, Hadijah kwa wasap.

"Mama Okware, nimesikia mpaka mwisho."

"Asante Mungu. Uko wapi sasa? Umefika wapi?"

"Niko nyumbani." Kukawa na mlio wa nailoni nyuma yake, karatasi za pakiti. "Siwezi kutoka, dada. Wateja wanaandika tangu alfajiri. Nikiiacha simu saa moja tu, wanahamia kwa mwingine, na baada ya lile jambo la mchanga bado wananipima. Nikivuka kwako, nani atajibu?"

"Nimeelewa," Elinah akasema. Alikuwa akitazama kikombe cha pili.

"Hujaelewa. Unadhani mimi niko na watu? Nimekaa na mshumaa na nailoni, nafunga pakiti. Siku inaisha sijafungua mdomo, ni kidole tu. Nimepata wateja mia tatu, mama, na hakuna anayejua kama nimekula."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi lete chai yako. Usikate simu. Iweke hapo mezani, mimi naweka yangu kwenye benchi. Wewe funga pakiti yako, mimi nafanya gunia yangu."

"Tuongee nini?"

"Kwani zamani tulikuwa tunaongea kila saa? Tulikuwa tunakaa."

Wakafanya hivyo. Elinah aliiegemeza simu kwenye kopo, mwisho wa kushoto, mahali penye kivuli. Akamwaga chai vikombe viwili, akasali kwa ajili ya chakula, na upande wa pili akasikia Hadijah akisema bismillahi. Kisha wakanyamaza. Ilisikika nailoni ikiungua kidogo kwenye mshumaa, pakiti ikiwekwa juu ya pakiti. Ilisikika mahali fulani adhana ya mchana, moja lakini kama mbili, ikifika kwa hewa na kwa simu. Mara moja Hadijah alikohoa. Mara moja Elinah alisema, "Huyu kuku ni mwizi," na sauti ikajibu, "Si yule mweusi?" na akasema ndiye.

Akaleta karanga, akaanza kumenya. Upande wa Lunyo mawingu yalikuwa yamesimama.

"Mama Zubairi, mvua inakuja. Anua nguo."

Kimya. Amekwenda kuanua, alifikiri, na akaendelea kumenya, akimwekea fungu lake pembeni bila kuwaza. Alimsimulia kuhusu yule mwanamke wa sokoni na mkono. Alimsimulia Apio ana mimba tena, hajamwambia mtu mwingine. Alisimulia na lile ambalo hakumwambia mchungaji, kwamba asubuhi nyingine humwagia maji karai hata kama hakuna gunia, asikie tu yakizunguka.

"Chai yako inapoa, Hadijah."

Alipogusa kioo kilikuwa cheusi. Alipokiwasha, iliandika kwamba bando limeisha. Tangu lini, hakujua. Tangu nguo, au tangu kuku, au tangu Apio.

Upepo wa kwanza wa mvua ukaleta vumbi juu ya benchi. Mwendesha baiskeli akasimama na gunia, mguu mmoja chini, mwingine bado kwenye pedali.

"Mama Karai, chap chap, Kisumu wanangoja video."

"Kaa kidogo, baba. Chai iko, hii ilikuwa ya mgeni."

"Sina nafasi, mama, mvua!"

Akazamisha mkono. Akazungusha maji, akangoja yatulie, akaonyesha kidole. Kilikuwa safi. Yule mtu akairekodi kwa simu yake mwenyewe, akafunga gunia, akaenda akiinama dhidi ya upepo.

Elinah akapanguza vumbi mwisho wa kushoto kwa kanga. Kisha akakaa, akaichukua simu. Apio alikuwa amemwonyesha hata hili: unaweza kuongea bila bando, maneno yatakaa hapo na saa ndogo kando yake, yangoje. Akashika kile kialama.

"Mama Zubairi, Bwana asifiwe," akasema. "Sijui imekata wapi, kwa hivyo nakusalimu upya. Umeshindaje?"